Kadi ya grafiki itaingia kwenye mazabodi yako? Kuingia inaingia, shida iko pengine

Mpwa wangu wa Arua anakata video za arusi na mahafali kwenye kale ka-Dell kake kembamba, video ya saa mbili inachukua usiku mzima kutoka na umeme ukikatika katikati anaanza upya, sasa siku moja akanipigia, anko nimepata kadi ya grafiki huko Kampala, RX 580 ya AMD, gigabaiti 8, laki nne na nusu tu, nimemuuliza muuzaji kama inaingiliana na mazabodi yangu (ile bodi kubwa ya ndani inayochomekwa kila kitu) amesema inaingiliana bila wasiwasi. Kabla sijajibu alikuwa ameshatuma pesa kwa simu na kadi imepanda basi la usiku. Kesho yake nikapata picha WhatsApp, kompyuta imefunguliwa juu ya meza, kadi imelala pembeni, na banange, kadi yenyewe karibu ilingane na kompyuta.

Kitu kinachouma ni kwamba yule muuzaji hakudanganya. Ukiuliza mazabodi, mazabodi inakubali. RX 580 na mazabodi ya OptiPlex 7010, hiyo Dell ya mpwa wangu, vinaelewana kabisa, ungevitoa nje ukaviweka mezani na pawa saplai nyingine (kile kiboksi kinachogawa umeme) vingewaka. Ndo maana nasema hili swali watu wanauliza kila siku, "hii kadi inaingiliana na mazabodi yangu?", mara nyingi limeulizwa kwa mtu asiyehusika. Mazabodi ni kama mama mwenye nyumba mkarimu, anakubali kila mgeni, anayekataa ni pawa saplai, ni keisi, ni prosesa, saa nyingine ni bayosi (ile programu ndogo ya mazabodi inayoamsha kompyuta), na hao hakuna aliyewauliza.

Tuanze na mazabodi yenyewe tuimalize, maana ni sehemu rahisi. Kadi zote za grafiki za miaka hii zinaingia kwenye sloti inaitwa PCIe x16, ile ndefu kuliko zote, karibu sentimita 9 kwa rula. Ilianza 2003 ikafukuza AGP, kwa hiyo kama una kompyuta ambayo sloti yake ndefu ni ya AGP, hiyo mpe mtu wa makumbusho tu. Baada ya hapo yamekuja matoleo, 2.0 mwaka 2007, 3.0 mwaka 2010, 4.0 mwaka 2017, 5.0 mwaka 2019, na kila toleo karibu linazidisha kasi mara mbili, yaani sloti ya x16 ya toleo 2.0 inapitisha kama gigabaiti 8 kwa sekunde, 3.0 kama 16, 4.0 kama 32. Lakini umbo halijabadilika. Kadi ya 4.0 inaingia kwenye sloti ya 2.0, kadi ya 2.0 inaingia kwenye sloti ya 5.0, wakikutana wanaongea kwa kasi ya yule wa pole. Mtu akikwambia kadi yako "haikubali" kwa sababu ni 4.0 na mazabodi ni 3.0, huyo hajui, mwambie asante ssebo uende zako.

Kuna mitego miwili tu hapo. Wa kwanza ni ule wa x16 ya uongo. Ile "x16" inasema urefu wa sloti, haisemi njia ngapi za data zimeunganishwa ndani. Mazabodi nyingi zina sloti mbili ndefu zinazofanana, moja imeunganishwa njia 16 na nyingine njia 4 tu. Kwenye hiyo 7010 (naongelea ile ya mwaka 2012, Dell walikuja kuipa kompyuta nyingine kabisa jina hilohilo mwaka 2023, kwa hiyo ukitafuta habari zake angalia usichanganye) sloti ya bluu ndo ya njia 16 na ile nyeusi ndefu ni ya njia 4. Kama mazabodi yako haina rangi, washa tochi ya simu uchungulie ndani ya sloti, zile pini ndogo za dhahabu zikiwa zimepangwa mpaka mwisho ni ya kweli, zikiishia mapema na sehemu iliyobaki ni plastiki tupu basi urefu ni wa kupendeza macho. Ila si mazabodi zote zinajionyesha hivo, nyingine zimejaza pini na bado njia ni chache, hapo kitabu chake ndo kinasema ukweli.

Mtego wa pili ni prosesa. Kwenye kompyuta nyingi njia za sloti ile kubwa hazitoki kwenye mazabodi, zinatoka moja kwa moja kwenye prosesa, kwa hiyo toleo la PCIe unalopata linategemea prosesa uliyochomeka. Hiyo 7010 ukiweka prosesa ya Intel i5-3470 unapata 3.0, ukiweka i5-2400, ambayo ina soketi ileile na inawaka vizuri tu, sloti ileile inashuka kuwa 2.0. Na upande wa prosesa za AMD ni hivohivo, mtu ananunua mazabodi ya B550 kwa sababu imeandikwa PCIe 4.0 kwenye boksi, alafu anaweka Ryzen 5 5600G ambayo yenyewe inaishia 3.0. Ryzen 3 3200G ndo kabisa, inaipa kadi njia 8 tu za 3.0 hata sloti ikiwa na pini zote.

Sasa utauliza, kushuka toleo kunauma kiasi gani? Kwa kadi nyingi za kawaida zenye njia 16 hautasikia kitu cha kukunyima usingizi. Inauma pale ambapo kadi yenyewe imezaliwa na njia chache. RX 6400 na RX 6500 XT za 2022 zina njia 4 tu, zilitengenezwa zikitegemea mazabodi ya 4.0, ukiiweka 6500 XT kwenye mazabodi ya 3.0 mlango unakuwa nusu, na kwa kuwa memori yake ni gigabaiti 4 tu, ikijaa inabidi data zipite mlango huohuo mwembamba kwenda kwenye ram ya kompyuta, gemu inaanza kukatakata. Kwenye 2.0 ndo usiseme. Kwa hiyo kwa kompyuta zetu hizi za kizamani, angalia kadi ina njia ngapi kabla ya kuangalia kitu kingine, maana hapo kadi ya zamani yenye njia 16 inaweza ikaifunga kadi mpya yenye njia 4.

Haya, mazabodi tumemaliza. Twende kwa wenye kukataa.

Pawa saplai ndo mkali kuliko wote. Sloti ya PCIe inatoa umeme wa wati 75 mwisho, kadi ikitaka zaidi lazima iletewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Hizi kompyuta za ofisi zinazokuja Uganda zikiwa zimetumika kwingine, hizi OptiPlex na HP tunazonunua Kampala, pawa saplai zake nyingi hazina huo waya kabisa, zilitengenezwa kwa kazi ya karani. 7010 nyembamba ina pawa saplai ya wati 240. Fanya hesabu ya mpwa wangu, RX 580 inakula kama wati 185, prosesa i5-3470 imeandikwa 77, hapo tayari 262 na hujahesabu diski, ram wala feni. AMD wenyewe wanasema RX 580 itafutiwe pawa saplai ya wati 500.

Na usisome ile namba kubwa ya wati peke yake. Geuza pawa saplai usome stika, tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zake zidisha kwa 12. Pawa saplai imeandikwa wati 400 kwa maandishi makubwa mekundu, alafu mstari wa 12V unasema ampea 18, hiyo ni wati 216 ndo kadi na prosesa wanagawana, hizo nyingine ni hadithi za kwenye boksi. Nimeshika moja mkononi nyepesi kama mkate wa juzi, imeandikwa 500, sikutaka hata kuichomeka.

Hapa lazima nigombe kidogo. Kuna adapta zinauzwa za kubadilisha waya wa SATA, ule wa diski, kuwa pini 8 za kadi ya grafiki. Fundi atakwambia ni kawaida, tunafanyaga. Waya wa SATA una pini tatu za 12V na kila moja imeruhusiwa ampea 1.5, jumla 4.5, yaani wati 54. Kadi inaangalia pini 8 inajua ina haki ya kuvuta 150. Sasa wewe waza ile plastiki ndogo nyeusi ikipitishiwa karibu mara tatu ya uwezo wake saa sita mfululizo wakati umelala video inatoka. Mimi hiyo adapta nikiikuta kwa kompyuta ya mtu naikata na mkasi, anikasirikie tu.

Pia usidhani ni rahisi kubadilisha pawa saplai, umbo lake kwenye hizi nyembamba ni la kipekee, ile ya kawaida ya dukani haiingii. Na hata kwenye zile kubwa za wima, OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 kwenda kwenye mazabodi wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24, unahitaji kebo ya kubadilisha. 7010 ya wima bado ina pini 24, ndo moja ya sababu naipenda.

Kwa hiyo kama hutaki vita na pawa saplai, tafuta kadi isiyohitaji waya, zile za wati 75 kushuka chini. GTX 1050 Ti nyingi na GTX 1650 nyingi ni hivo, ila sio zote, kuna kampuni ziliweka pini 6 kwenye chipu ileile, kwa hiyo muombe muuzaji picha ya ubavu wa kadi kule ambako soketi inakaa, sio picha ya feni tu, feni wote wanapiga picha. Na hata hizo, kompyuta nyingine nyembamba za ofisi sloti yake hairuhusiwi kufika wati 75, mtengenezaji ameibana chini, hiyo utaikuta kwenye kitabu cha kompyuta yenyewe.

Mkatazaji wa pili ni keisi, na hapa hakuna teknolojia, ni rula. Kadi ya kawaida ina urefu wa kwenda juu kama sentimita 11 na kitu, ile fupi ya keisi nyembamba ni karibu sentimita 7, na kibati chake cha nyuma ni milimita 79 badala ya 120. Hakuna kulazimisha hapo, kifuniko hakitafunga. Alafu unene, kadi nyingi zinakula nafasi ya sloti mbili kwa sababu ya feni, na kwenye hizi nyembamba mara nyingi sloti ya kweli imekaa pembeni kabisa, jirani yake ni ukuta au pawa saplai, kadi nene haina pa kupumua. Pima vitu vitatu: kutoka kibati cha nyuma mpaka kizuizi cha kwanza mbele (mara nyingi ni kile kikapu cha diski), kutoka sloti mpaka kifuniko, na nafasi iliyobaki ubavuni. Ukishapima andika kwenye simu, ukienda dukani unaenda na namba, sio na matumaini.

Bayosi ni mkatazaji wa tatu na huyu ananyamaza, hasemi hapana, anakuonyesha giza tu. Mazabodi za kabla ya kama 2012 nyingi hazijui UEFI, yaani bayosi ya kisasa, na kadi za sasa zimeandikwa zikitegemea UEFI, wakikutana feni inazunguka, taa inawaka, skrini hakuna kitu. Kinyume chake pia kipo, kadi ya zamani sana kwenye mazabodi mpya ambayo imezimiwa ile hali ya kizamani inayoitwa CSM, nayo haionyeshi mpaka uiwashe. Dawa ya kwanza ni kusasisha bayosi kabla hujanunua kadi, wakati kompyuta bado inawaka na grafiki zake za ndani, na tafadhali fanya hivo ukiwa na UPS au betri, umeme ukikatika bayosi ikiandikwa nusu unabaki na bati. Kadi za Intel Arc ni kesi ya peke yake, zinahitaji kitu kinaitwa Resizable BAR ili zikimbie vizuri, na Intel wenyewe wanapendekeza prosesa za kizazi cha 10 kuja juu, kwa hiyo kwenye kompyuta ya 2012 usijisumbue hata ukipewa bei ya bure.

Na kabla hujasema kadi mbovu, angalia kebo ya monita umechomeka wapi. Nimeshaitwa Bombo, nikalipa boda, nikapanda ngazi, nikakuta kebo bado iko kwenye tundu la mazabodi badala ya la kadi. Mwenye nyumba alinipa chai nzuri lakini hatukuongea sana.

Kujua una mazabodi gani bila kufungua kitu, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, utaona mtengenezaji na modeli, hiyo modeli ndo unatafutia kitabu chake mtandaoni. Ukiwa Linux, sudo dmidecode -t 2 inakupa jibu hilohilo. Kadi ikishaingia fungua programu inaitwa GPU-Z uangalie mstari wa Bus Interface, utakuta kitu kama PCIe x16 3.0 @ x16 1.1 na watu wengi hapo wanashtuka, mbona 1.1? Tulia, kadi ikiwa haina kazi inashusha kasi kuokoa umeme, bonyeza kale ka alama ya kuuliza kando yake, ipe kazi, uangalie ikipanda. Ikipanda mpaka x16 3.0 uko sawa, ikibaki x4 au x8 wakati kadi na sloti ni za 16, chomoa usafishe ile mistari ya dhahabu na raba ya penseli urudishe mpaka kaklipu ka mwisho wa sloti kalie, ka! Hako kaklipu pia ukitoa kadi kabonyeze kwanza, usivute kama mhogo.

GPU-Z hiyohiyo inakusaidia na kadi feki. Kuna kadi zimeandikwa GTX 1050 Ti nje lakini ndani ni chipu ya zamani kama GTS 450 iliyodanganywa jina, programu inaiandikia FAKE pembeni. Kuna na P106-100, ilitengenezwa kwa kuchimba sarafu za mtandaoni na haina hata tundu moja la kuchomeka monita, baada ya Ethereum, moja ya sarafu hizo, kuacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022 mashine za namna hiyo zilimwagika sokoni kwa bei ya kuvutia. Mazabodi yako itaipokea vizuri sana, kama kawaida yake.

Kwa mpwa wangu kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo halihusu mazabodi lakini lingemrudisha kwenye basi mara ya pili. Alisema basi nitafute GT 1030, au RX 6400, zipo fupi na hazili umeme, 30 na 53 wati. Nikamwambia subiri, kazi yako ni nini? Kutoa video. GT 1030 haina kabisa ile sehemu ya chipu ya kusimba video (encode), yaani kuibana iwe faili la kutoka, na RX 6400 nayo waliiondoa. Zingeingia, zingewaka, na video ingeendelea kutoka usiku mzima, prosesa ndo inafanya kazi yote kama jana.

Mwisho tulipata T600 iliyotumika, zile za Nvidia za ofisini, fupi, nyembamba ya sloti moja, wati 40, haitaki waya, na kusimba video inajua. RX 580 muuzaji alikataa kuirudisha, akasema si nilikwambia inaingiliana, na kweli alisema, ikaja kuuzwa kwa kijana mwenye keisi kubwa kwa hasara ya elfu themanini. T600 ikaingia bila kelele, kifuniko kikafunga, nikasikia kwa simu sauti ya feni na mpwa wangu akicheka. Alafu kimya. Alafu, anko, mbona matundu yake ni madogo hivi?

Ni mini DisplayPort, nne zimepangwa kwenye mstari, na monita yake ni ya VGA. Adapta ilipanda basi la Ijumaa.